Sikumyeyusha Mama wa Bwana Harusi

Mliniomba niwaandikie maneno machache ya kustaafu, ya kuweka kwenye kundi lenu la WhatsApp la wapiga picha vijana. Mmoja wenu, ambaye simtaji kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, akaongeza: "Anti Candiru, yawe matamu, yasiwe ya kugombana." Basi huyo ameshakosa. Nimepiga picha Kampala tangu enzi za filamu, nimezipiga mpaka magoti yakakataa kukunjika, na bado sijaona sababu ya kuanza kuwa mtamu.

Tuanze na ugomvi wenyewe. Mnapenda mno kuyeyusha. Kila picha mnayonitumia niisifu ina uso mmoja, na wakati mwingine jicho moja tu la uso huo, halafu nyuma yake kila kitu ni uji. Nyumba uji, miti uji, watu uji. Nikiuliza, "Hapa ni wapi?" mnanijibu, "Anti, ndiyo fesheni." Wengine hata lenzi ya kazi hiyo hamna. Simu ndiyo inakisia mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, na ikikosea inakata sikio. Nina picha ya mjukuu wangu mwenyewe ambaye simu imemla hereni na nusu ya kilemba. Alipoiweka hadharani watu wakamwambia amependeza. Mimi nikamwandikia: "Umependeza, lakini sikio umelisahau wapi?" Hajanijibu mpaka leo.

Kuyeyusha si dhambi. Nimeyeyusha sana, na nilikuwa nayeyusha vizuri kuliko ninyi. Lakini mimi nilijua kila mara ninamyeyusha nani, na nilikuwa tayari kumtazama usoni nikishamaliza. Nitawaambia habari ya harusi moja ya Naguru, muone nina maana gani. Kwanza lakini mnivumilie kidogo kwenye mambo ya kazi, maana bila hayo mtaona nilikuwa mkaidi tu.

Baba yangu alikuwa polisi, mtu wa kule Nile ya Magharibi, Mwislamu. Mama yangu alikuwa Mkatoliki. Tulikaa kwenye nyumba za polisi Naguru, tukala Idi na tukala Krismasi, na Kiswahili tulichokua nacho kilikuwa cha kambini: Kaa! Simama! Leta! Nilipokwenda kujifunza kazi kwa Mzee Shaban, aliyekuwa na studio ndogo Mengo, kitu cha kwanza alichonirekebisha hakikuwa kamera. Mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Siku ya kwanza alinisikia nikimwambia bibi mmoja, "Kaa! Tazama mbele!" Akanivuta kando.

"Binti, huyu mama hajaja kula kiapo cha jeshi. Kaja kupigwa picha. Mwombe."

Kuhusu lenzi alinifundisha kwa chupa za soda. Alizipanga chupa tatu juu ya kaunta, moja nyuma ya nyingine, zikiachana kama urefu wa mkono. Akafunga lenzi ndefu kwenye kamera, akafungua lote tundu lake la kupitishia mwanga, akaniambia niweke fokasi kwenye chupa ya kati. Nikatazama. Ya kati ilikuwa kali mpaka unaweza kusoma maandishi. Ya mbele na ya nyuma zilikuwa madoa ya rangi. Halafu akaanza kulibana tundu taratibu, na zile mbili zikaanza kurudi, kwanza shingo, kisha mabega, kisha maandishi.

"Zilikuwa zimekwenda wapi?" akaniuliza.

"Hazikwenda popote, Mzee. Zilikuwa hapo hapo."

"Basi kumbuka. Ni wewe uliyezifukuza."

Yeye aliuita ukanda. Mbele ya kila lenzi kuna ukanda wa hewa ambao kila kilicho ndani yake kitatoka kikali, na kilicho nje yake kitafifia. Ukifungua tundu, ukanda unakuwa mwembamba. Ukilibana, unapanuka. Ukimsogelea mtu, unakuwa mwembamba, ukirudi nyuma unapanuka. Na ukisimama mahali pamoja ukabadilisha lenzi fupi ukaweka ndefu, unakuwa mwembamba tena. Mpaka hapo najua mtatikisa vichwa kwamba mnajua.

Sasa sikilizeni lile mnalolikosea kila siku. Mnasema lenzi ndefu inafanya ukanda mwembamba, basi mnaishia hapo. Chukua lenzi ndefu, ya milimita themanini na tano, piga uso. Halafu weka fupi, ya thelathini na tano, msogelee mtu huyo mpaka uso wake ujae vilevile kama mwanzo, kwa tundu lile lile. Ukanda kwenye uso umebaki karibu sawasawa! Pua na sikio ni vilevile. Kilichobadilika ni kule nyuma kabisa. Lenzi ndefu inachukua kipande kidogo cha nyuma na kukikuza, na ukungu wake unakuzwa pamoja nacho, ndiyo maana kinayeyuka kama samli. Lenzi fupi inawaacha walio nyuma wawe wadogo, lakini unawatambua: huyu ni shangazi, yule ni jirani, kile ni kibao cha duka. Ndefu inakupa mtu bila mahali. Fupi inakupa mtu na mahali pake na watu wake. Mwenye kuchagua ni wewe, na msiseme ni kamera.

Mimi niliyajua haya kwa kuumia. Mwanzoni kabisa Mzee Shaban alinituma kupiga timu ya mpira ya shule moja. Siku hiyo nilikuwa nimeipenda lenzi ndefu kama mtu anavyopenda viatu vipya. Nikapanga safu tatu, nikafungua tundu lote, nikaweka fokasi kwa kapteni aliyechuchumaa mbele na kikombe. Picha zilipotoka, kapteni alikuwa mzuri kama sarafu mpya. Mzee Shaban akanikabidhi bahasha, akaniambia nizipeleke mwenyewe na nisikilize nitakachoambiwa.

Kocha akaitazama picha muda mrefu. "Golikipa wangu yuko wapi?"

"Yuko nyuma, Mwalimu."

"Nyuma wapi? Ziwani?"

Nikaipiga upya kwa lenzi fupi na tundu la ef kumi na moja, yaani limebanwa sana, na golikipa akaonekana mpaka kifungo kilichokatika. Tangu hapo, kundi likiwa mbele yangu, nilikuwa nawaza safu ya nyuma kwanza.

Mzee Shaban alipofariki niliendelea na ile studio, na ni hapo Nasuru alipokuja. Alikuwa kijana wa ofisi ya bima, shati jeupe, viatu vinavyong'aa, adabu nyingi. Alikuwa anamwoa Irene, binti wa familia moja ya Naguru, na Irene ndiye aliyemwambia aje kwangu, kwa sababu mimi na Mzee Shaban ndio tuliopiga harusi ya wazazi wake. Tukaongea tarehe na ratiba. Halafu akasimama mbele ya picha moja ukutani, bibi harusi aliyetokeza mbele ya bustani iliyoyeyuka yote kuwa rangi.

"Hii ulifanyaje, Anti?"

Sisi wapiga picha ni wajinga kwa swali hilo. Nikamweleza kila kitu, lenzi ya themanini na tano, tundu wazi, umbali. Alisikiliza vizuri. Alisikiliza vizuri kupita kiasi.

"Kwa hiyo mtu akikaa nyuma ya maharusi, hatua chache, hataonekana?"

"Ataonekana kama kivuli chenye rangi."

"Na mtazamaji ataona ni mtindo tu wa picha."

"Nani anataka kukaa nyuma?"

Akatazama mlango kama una masikio. "Mama yangu ana kovu, Anti. La moto. Limechukua shavu lote la kushoto mpaka shingoni. Picha hizi zitakwenda kwa watu wengi, kwa kina Irene, kwa ndugu zao walioko ng'ambo. Sitaki watu wawe wanakuza picha kwenye simu wakimtazama."

"Yeye amesema hataki kutazamwa?"

"Sijamuuliza. Namkinga tu."

"Unamkinga na nani?"

Akaitazama tena ile picha ya ukutani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikuombi umtoe. Atakuwemo."

Nimeombwa mengi katika kazi hii. Nimeombwa niwang'arishe watu ngozi, niwapunguze matumbo, nimkate mume wa zamani abaki mkono wake begani. Lakini hilo lilikuwa la kwanza, mtu kutaka mama yake awemo na asiwemo.

"Kijana," nikamwambia, "nenda kamwambie mama yako maneno hayo hayo uliyoniambia mimi. Akikubali, nitamyeyusha mpaka afanane na ukungu. Asipokubali, kila atakayekaa mbele ya kamera yangu ataonekana."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Basi umeshajua atakujibu nini."

Nilidhani atakwenda kutafuta mwingine, na mlango nilimwachia wazi. Hakwenda. Angemwambia Irene nini? Akaondoka bila kukubali na bila kukataa, na mimi nikabaki na mteja ambaye nilijua ana jambo moyoni.

Siku ya harusi nilifunga thelathini na tano kwenye kamera tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: hata kama angemweka mama yake nyuma kabisa, ningesogea karibu, ningebana tundu, na mama angetoka. Mdogo, ndiyo, lakini mkali.

Sherehe ilikuwa nyumbani kwa kina Irene, kwenye mteremko wa Naguru, bustani nyembamba yenye ngazi za kupanda hadi barazani. Nikapita jikoni kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta mama mmoja aliyevaa gomesi, lile vazi refu la Kiganda, la rangi ya dhahabu na ushungi mweupe, ameinamia karai la wapishi, amekunja uso.

"Mafuta hayajachemka," alikuwa anawaambia. "Ukitia samaki sasa atakunywa mafuta yote. Ngoja. Ngoja kwanza. Haya, sasa."

Samaki aliingia, mafuta yakaimba. Akageuka akaniona, na mimi nikaliona kovu. Lilikuwa kama alivyosema mwanawe, kubwa, limevutwa kama kitambaa kilichoshonwa vibaya.

"Nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda, "unatazama kovu. Kale, haya basi, tazama vizuri, umalize, tuongee mambo mengine."

"Nimemaliza, Mama."

"Mimi ni Hadija. Nakaanga samaki Ggaba, ufukweni. Watu hutaka niwaambie nilikuwa namwokoa mtoto. Sikuokoa mtu. Nasuru alikuwa shuleni, anasoma. Upepo ulivuma kutoka ziwani, karai likapinduka. Basi. Wewe ndiye wa kamela?"

Alisema "kamela", kama wengi wa hapa. Nikamwambia ni mimi, na moyoni nikasema: huyu ndiye anayekingwa!

Zamu ya picha ya familia ilipofika, mambo mawili yakanipata kwa pamoja. La kwanza lilikuwa mjomba wa Irene, mtu mnene mwenye furaha, aliyekuwa akicheza kinyumenyume. Nilikuwa nimeiweka kamera mezani nifute kioo, akaigonga meza kwa makalio yake, na kamera ikaanguka. Kamera yenyewe ilipona. Lenzi ya thelathini na tano ilitua kwa mdomo juu ya mawe, na pete yake ya fokasi ikakwama, haikuzunguka tena. Mjomba akaniomba radhi akiendelea kucheza. Mkobani ilibaki lenzi moja tu, ile ndefu ya themanini na tano.

La pili lilikuwa wingu. Ninyi mnajua mawingu ya huku yanavyokuja kutoka upande wa ziwa. Mchana mweupe ukawa kama mtu amevuta pazia. Kwa mwanga mzuri, ile ndefu ningeibana mpaka ef kumi na moja na karibu kila mtu angepona. Kwa giza lile, na kamera yangu ya siku zile iliyotoa chenga kama mchanga ukiilazimisha, nililazimika kufungua tundu karibu lote. Kurudi nyuma nisingeweza, mgongo wangu ulikuwa umeshagusa uzio. Flashi ingewaangaza wa mbele na kumwacha wa nyuma gizani zaidi.

Na Nasuru alikuwa ameshapanga. Maharusi katikati ya majani, wazazi wa Irene ubavuni. Mama yake kule juu barazani, nyuma yao, kwenye kiti chenye utepe. "Miguu yake inamuuma," aliwaambia watu, "akae kivulini." Baba yake alishafariki zamani, kwa hiyo upande wa Nasuru alikuwepo huyo mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa nje ya ukanda.

Nikaweka jicho kwenye kamera. Irene mkali. Nasuru mkali. Nyuma ya bega lake, doa la dhahabu na doa jeupe. Nasuru alikuwa ananitazama moja kwa moja, na nawaambia alijua. Nilichomfundisha mwenyewe studio kwangu, alikuwa anakisoma sasa usoni mwangu. Ningebonyeza tu, angepata alichokitaka, na hata nisingekuwa na lawama. Ningesema lenzi imevunjika. Ningesema mvua.

Nikaishusha kamera.

"Mama Hadija!" nikaita kwa ile sauti ya kambini ambayo Mzee Shaban alihangaika kuiondoa. "Hapo ulipo hutaonekana!"

"Anti, piga tu," Nasuru akasema upesi. "Mvua inakuja."

"Sitaonekana kwa nini?" Hadija akauliza kutoka juu. "Nimekuwa jini?"

Watu wakacheka.

"Lenzi niliyobaki nayo inaona mstari mmoja tu, Mama. Aliye kwenye mstari anatoka. Aliye nyuma anayeyuka."

"Anayeyuka kama nini?"

"Kama samli kwenye kikaango."

"Na huo mstari uko wapi?"

Nikanyoosha kidole. "Hapo kwenye viatu vya mwanao."

Hadija akasimama. Akakiinua kile kiti kwa mkono mmoja, utepe ukining'inia, akaanza kushuka ngazi. Nasuru akamwendea.

"Mama, kaa tu pale, miguu yako..."

"Miguu hii inasimama mbele ya karai kutoka asubuhi hadi jioni. Leo imeanza lini kuuma?"

"Mama," akasema kwa kunong'ona, lakini tulikuwa karibu, tulisikia, "tulishapanga."

"Mlipanga nani na nani?"

Irene akageuka akamtazama. "Nasuru? Mlipanga nini?"

Hapo hakuna aliyecheka. Nilimwona Hadija akiwatazama mmoja mmoja, mwanawe, mimi, ile lenzi, kisha baraza aliyotoka. Nilimwona akielewa. Shavu lililoungua halikuweza kusema kitu, lakini lile jingine lilitetemeka, na mkono ulioshika kiti ukashuka kidogo. Nilidhani atarudi juu. Kama angerudi ningeifunga kamera, nawaambia kweli, ningekwenda zangu na harusi ikose picha.

Hakurudi. Akakiinua kiti tena.

"Nasuru, uso huu unauza samaki Ggaba kila siku," akasema, si kwa ukali, "na hakuna mtu aliyewahi kurudisha samaki."

Akatembea juu ya majani mpaka walipo. Irene akakipokea kiti kutoka mkononi mwake, akakiweka kati yake na baba yake. "Sogea, Baba." Yule baba, bwana mkubwa mwenye suti, akasogea. Nafasi ilikuwa haitoshi, ilibidi wabanane mpaka mabega yapandane, na Nasuru akajikuta amesimama nyuma ya kiti cha mama yake hana pa kuweka mikono.

Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikasema, "Mama, geuza uso kidogo upande huu." Ule upande wa kuficha kovu.

"Ili nini?"

Nikarudisha jicho kwenye kamera.

"Niache nitazame mbele," akasema.

Akatazama mbele. Matone ya kwanza yalikuwa yanapiga majani. Nikaweka fokasi kwenye jicho lake, nikawaomba wote washushe pumzi, nikapiga. Kisha mvua ikashuka kwa nguvu, watu wakakimbilia barazani, na Nasuru akabaki pale peke yake kwa muda, suti inalowa, mpaka Irene akamwita.

Basi, ninyi vijana, kwa upande wa kazi liko hili moja. Mtakosa lenzi, mtakosa mwanga, mtakosa nafasi ya kurudi nyuma. Mkikosa vyote hivyo, sogezeni watu. Wote wakiwa umbali mmoja na kamera, hata tundu likiwa wazi kabisa, wote watatoka. Hilo halihitaji vifaa. Linahitaji kufungua mdomo, na hapo ndipo wengi wenu mnaponyamaza, kwa sababu mteja amekunja uso. Akunje! Mimi wamenikunjia nyuso kwenye kila kilima cha mji huu.

Msidhani nilishangiliwa. Wiki iliyofuata Nasuru aliniandikia kwenye simu: "Anti, naomba ufute ile picha ya familia. Nyingine zinatosha." Nikamjibu kwa neno moja, sifuti. Akapiga simu, akasema nilimdhalilisha siku ya harusi yake mbele ya wakwe. Nikamwambia mbele ya wakwe nilitaja viatu vyake tu. Akakata. Rafiki zake wawili waliokuwa wameniwekea nafasi ya harusi zao wakaniambia wamepata mtu mwingine, na kwa muda mrefu hakuna mtu wa ofisi ile aliyekanyaga Mengo. Nilikasirika, nisiwadanganye. Lakini sikujuta hata siku moja, na bado sijuti.

Irene ndiye aliyekuja. Alikuja peke yake, akataka picha ile ile ichapwe kubwa. Hakusema ni ya nani, nami sikuuliza. Siku moja nilishuka Ggaba kununua samaki aina ya ngege, nikaiona. Imetundikwa kwenye nguzo ya kibanda, ndani ya nailoni kwa ajili ya moshi, na chini yake Hadija anageuza samaki na anagombana na mteja aliyetaka kichwa kikubwa kwa bei ya mkia. Alinipa kipande bila kuniuliza, akaendelea kugombana.

Kuhusu Nasuru na mama yake, sijui waliongea nini, wala lini. Hayo ni ya kwao. Ninachojua ni kwamba miezi mingi baadaye, karibu na wakati nilipokuwa naanza kufunga kazi, mlango wa studio ulifunguliwa na Hadija akaingia, na nyuma yake akaingia Nasuru akiwa amembebea mkoba. Alinisalimia, "Shikamoo, Anti," akatazama sakafu. Nikamwitikia.

Wauzaji wenzake wa samaki walikuwa wamemchagua Hadija kuwa mwenyekiti wao, na walitaka picha yake ya kutundika ofisini. Alikuwa amevaa ushungi wa kijani, amejipaka mafuta, anang'aa. Nikamketisha kwenye stuli, nikaweka taa, nikaanza kutafuta lenzi. Nilikuwa nimeshaichukua fupi, ambayo fundi alishaitengeneza, kwa mazoea yangu.

"Ile rensi yako ya kuyeyusha," Hadija akasema, "bado unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Itumie hiyo."

Nikasimama na lenzi mkononi. "Unataka niyeyushe nini?"

"Vyote vingine."

Nasuru alikuwa amesimama nyuma yake karibu na pazia, na mkoba kifuani. Alipoona naielekeza kamera, akaanza kujivuta kando kuelekea mlangoni.

"Wewe unakwenda wapi?" mama yake akamuuliza bila kugeuka. "Baki hapo hapo nyuma."

Nasuru akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeshikwa. Akaweka mkoba chini, akanyoosha shati, akasimama sawasawa pale pazia linapoanza.

Nikasogea karibu, karibu zaidi ya ninavyosogea kwa wengine, mpaka shavu la kushoto la Hadija, lile la kovu, likajaa kwenye kioo. Nikaweka fokasi hapo, na nikafungua tundu lote.